Seva Haina Skrini, Sasa Desktopu Ni ya Nani?

Wasee, leo sikuja kubembeleza mtu. Kuna tabia moja yetu sisi watu wa kompyuta ambayo imenichosha kabisa. Tunachukua kompyuta ndogo yenye saizi ya kitambulisho, tunaijaza programu za kila aina ati "huenda zikahitajika," halafu tunampelekea mwalimu kule mashinani na kumwambia: iko tayari, washa tu. Sisi tunarudi Nairobi kuweka picha mtandaoni. Yeye anabaki na mzigo.

Wacha nianze na kile nilichoona kwa macho yangu, msije mkasema naongea hewani.

Kuna shule moja ya kutwa kule Makueni ambako binamu yangu anafunza hesabu. Shule haina intaneti. Ina paneli mbili za sola, betri moja iliyozeeka, na Raspberry Pi 3 moja iliyoletwa na wafadhili. Hiyo Pi ndiyo seva yao. Ndani yake kuna Kolibri, yenye video na mazoezi ya masomo, na Kiwix, ambayo inakuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Wanafunzi wanachukua tableti za shule, wanaunganisha kwa Wi-Fi ya hiyo Pi, wanasoma. Hakuna bando, hakuna bili ya kila mwezi. Wazo ni zuri sana na sina neno nalo.

Shida ilikuwa kuwaka. Betri ikiisha usiku, asubuhi Pi inaanza upya. Kipindi ni dakika 40. Madam anayefunza kompyuta aliniambia, "Kijana wangu, mimi huwasha hii kitu kabla ya kuita majina. Nikimaliza majina, bado. Natuma mmoja apanguse ubao. Bado." Na hata ikishawaka, wanafunzi 30 wakiingia pamoja inaganda, inabidi aizime na aanze tena. Hapo kipindi kimeisha na kengele imelia.

Wengine walishasema mashine ni mbovu, iuzwe. Nikamwambia, "Madam, nipe hiyo kadi kwanza."

Kwa wale hawajui, imeji ni ile faili moja kubwa unayoandika kwenye memori kadi. Mfumo wote uko humo, kuanzia sehemu ya kuwashia mpaka programu ya mwisho. Ukichomeka kadi kwa Pi na kuweka stima, inawaka na kila kilichomo. Kwa hivyo aliyetengeneza imeji amekuamulia mambo mengi kabla hata hujashika swichi.

Kadi ya Makueni nilipoifungua nilicheka, halafu nikakasirika. Imeji ilijengwa juu ya ile Raspberry Pi OS kubwa kabisa, inayoitwa Full. Desktopu nzima ilikuwemo. LibreOffice ilikuwemo. Scratch, Mathematica, Chromium. Huduma ya printa. Huduma ya Bluetooth. Na juu ya hiyo yote ndipo wakaongeza Kolibri na Kiwix, ambazo ndizo pekee shule iliomba.

Sasa nisaidieni. Hiyo Pi haina skrini. Haijawahi kuwa na skrini. Imefungwa ndani ya sanduku la plastiki juu ya kabati, na waya mmoja tu wa stima unaingia. Lakini kila asubuhi, kabla haijamhudumia mwanafunzi hata mmoja, inatumia nguvu ya sola kuchora desktopu, na picha ya mandhari, na kishale cha mausi katikati. Inamchorea nani? Ukuta?

Na hiyo si urembo tu wa bure. Pi 3 ina GB 1 ya RAM, basi. Desktopu ikishamega fungu lake, na zile huduma zingine zikachukua zao, Kolibri inabaki kubanana kwa kona. Darasa zima likiingia, RAM inaisha na mfumo unaanza kuhamishia vitu kwenye memori kadi. Memori kadi haikuumbwa kwa kazi hiyo. Inaandika polepole, na kila ikiandikwa inazeeka. Ndiyo maana ilikuwa inaganda. Mwaka huo walikuwa wamebadilisha kadi mara mbili, na wakaambiwa wananunua feki. Inawezekana kweli zilikuwa feki, hapa kwetu siwezi kuapa. Lakini hata kadi halali haiwezi kudumu ikifanyishwa kazi ya RAM kutwa.

Kilichoniuma zaidi ni apdeti. Madam alipigiwa simu na waliouza imeji akaambiwa afanye apdeti kwa sababu za usalama. Akawasha hotspoti ya simu yake mwenyewe, akaandika komandi alizotumiwa kwa SMS, herufi moja moja. Pi ikaanza kuvuta Chromium mpya na LibreOffice mpya. Bando likaisha katikati. Bando la pesa yake mfukoni, kwa ajili ya programu ambazo hakuna binadamu katika hiyo shule amewahi kuzifungua wala atakayezifungua, kwa sababu, narudia, seva haina skrini.

Mtu ataniuliza, sasa hiyo takataka huingiaje? Sidhani kuna mtu aliamka akasema wacha nimtese mwalimu. Inaingia kimyakimya, na ni vizuri kujua mlango wake.

Raspberry Pi OS imetokana na Debian. Kwa Debian, kila pakeji ina orodha ya wenzake. Kuna wale wa lazima, ambao bila wao haifanyi kazi; hao ni Depends. Kuna wa kupendekezwa, Recommends. Kuna wa kudokezwa tu, Suggests. Tangu Debian Lenny, ile ya 2009, apt inasakinisha wale wa kupendekezwa bila kukuuliza. Ni kama kualika mjomba mmoja kwa ruracio. Mjomba anakuja na matatu nzima, na kila aliye ndani ya matatu alimbeba mwingine njiani. Wote wamekaa, wote wanangoja sahani.

Kwa laptopu ya nyumbani hiyo si mbaya. Unasakinisha kitu, kinakuja kimekamilika, unaendelea na maisha. Lakini unapotengeneza imeji itakayonakiliwa kwa shule 50, unatakiwa kusimama mlangoni na orodha ya wageni. Kuna kauli ya kuongeza, --no-install-recommends, na ile matatu inaachwa stejini. Ukitaka kujua nani alimleta nani, andika aptitude why na jina la pakeji. Itakupa ukoo wote. Hata haikuhitaji ufundi mkubwa hapa. Raspberry Pi wenyewe wanatoa imeji ya Lite, isiyo na desktopu kabisa, kwa ukurasa uleule unaposhusha ile Full. Aliyetengeneza ya Makueni aliiona akaipita. Nadhani najua kwa nini: kwenye meza yake kulikuwa na skrini na mausi, na kubonyeza ni rahisi kuliko kuandika komandi. Alijitengenezea yeye mwenyewe, halafu akauzia shule.

Nikileta hii maneno kwa vikao vyetu vya watu wa teknolojia, naskia majibu yaleyale. La kwanza ni kwamba memori kadi siku hizi ni rahisi. Sawa, lakini bei ya kadi si ndiyo shida. RAM haiongezeki kwa kununua kadi kubwa, Pi 3 itabaki na GB 1 mpaka ife. Bando halipungui. Na siku kadi ikiharibika, kuandika imeji ya GB kadhaa juu ya laptopu ya zamani yenye kisoma kadi cha polepole ni kazi ya nusu siku, kama hiyo imeji iko karibu. Kama haiko, mtu apande gari mpaka mjini.

Lingine ni "siku moja wanaweza kuhitaji printa." Buda, hiyo siku ikifika, sakinisha printa hiyo siku. Ni komandi moja. Hakuna mtu hununua kiti cha mtoto kabla hajapata hata mchumba.

Na kuna hili linaloniudhi kuliko yote: "asiyetaka atoe mwenyewe." Nani atoe? Madam? Yule aliyeandika komandi kwa kusoma SMS? Wewe uliyesomea, mwenye intaneti ya waya na stima usiku kucha, ulishindwa kutumia siku mbili kuondoa. Sasa unataka asiyekuwa na vyote hivyo ndiye aondoe, kwa mashine ambayo ikikataa kuwaka hana wa kumuita. Mnasema muda wa fundi ni ghali. Na dakika za kipindi, zikipotea kila siku ya shule, huyo muda ni wa nani?

Wakati mwingine nadhani tumesahau hii kazi ilianza wapi. BusyBox, ambayo iko ndani ya ruta nyingi mnazotumia nyumbani, iliandikwa na Bruce Perens mwaka wa 1995 ili mfumo mzima wa kuwashia uenee kwa floppy moja, diski ya kuokolea na kusakinishia Debian. Floppy ya MB 1.44! Picha moja ya simu yako haingii hapo. Njia yake ilikuwa kukusanya komandi nyingi ndogo kuwa programu moja, ili zigawane kile zinachofanana. Mpaka leo Alpine Linux inajengwa kwa BusyBox, na imeji yake ya kontena haifiki MB 10. Kwa hivyo msiniambie haiwezekani. Inawezekana, inahitaji tu mtu wa kuuliza kila pakeji: wewe umetumwa na nani?

Upande wa pili, ukubwa ukishazoeleka kuna watu hutupwa nje kabisa. OpenWrt, mfumo wa ruta, ni watu wanaohesabu kila kilobaiti, lakini hata wao baada ya toleo la 19.07 waliacha kutoa imeji rasmi kwa ruta zenye MB 4 za hifadhi na MB 32 za RAM. Kaneli ilikua, na hizo ruta zikabaki za kutupwa ama za kukaa na programu kuukuu. Siwalaumu, walionya mapema. Nataja tu muone kwamba unene una mwisho wake, na mwisho huo hufika kwanza kwa mwenye kifaa cha bei ya chini.

Haya, tuongee usalama, maana hapa ndipo hata wale wa "kadi ni rahisi" hunyamaza.

Machi 2024, mhandisi mmoja wa Microsoft anayefanya kazi ya PostgreSQL, Andres Freund, aliona kitu kidogo cha ajabu. Kuingia kwa mashine yake kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Mimi na wewe tungelaumu mtandao. Yeye akachimba, akapata mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mtu alikuwa amejenga imani na mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili ndipo akaupenyeza.

Lakini jiulize, SSH na kubana faili zinahusiana wapi? OpenSSH yenyewe haihitaji xz. Debian na Fedora waliongezea sshd kiraka ili iweze kuiambia systemd "nimeshawaka." Kwa huo ujumbe mmoja mfupi, wakaiunganisha na maktaba nzima ya libsystemd. Libsystemd nayo ilikuwa inategemea liblzma, ya hao xz. Jirani wa jirani. Mlango mkuu wa mashine ukawa unafunguliwa na ufunguo wa mtu ambaye hakuna aliyemwalika. Baadaye mwaka huohuo OpenSSH 9.8 ikaandikwa itume huo ujumbe yenyewe, bila libsystemd. Yaani ilikuwa inawezekana tangu mwanzo.

Nisipotoshe mtu: mlango ule ulilenga mashine za x86-64, kwa hivyo Pi haikuwa shabaha, na ulikamatwa kabla haujafika Debian ya kawaida ambayo watu wengi hutumia. Tuliponea chupuchupu. Somo la mnyororo linabaki palepale.

Na ile huduma ya printa ya Makueni? Septemba 2024 ilitangazwa kwamba cups-browsed, ile ya kutafuta printa kwa mtandao, ilikuwa inasikiliza bandari ya UDP 631 na kuamini yeyote anayeongea nayo. Mtu angeweza kujiandikisha kama printa bandia, na siku mtu akichapisha kitu, amri ya mshambuliaji inatekelezwa. Kwa seva isiyo na printa huenda siku hiyo isingefika. Lakini kwa nini huo mlango uwepo? Shule imejaa vijana wa miaka 16 wenye udadisi na Wi-Fi ya bure. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 16. Najua tulichokuwa tunafanya.

Programu ambayo haimo kwenye kadi haihitaji apdeti, haiwezi kudukuliwa, haili RAM. Hakuna kizuiavirusi kinachofanya kazi vizuri kama hiyo.

Sasa nikiri langu, kwa sababu kuna watakaosoma hii na kuanza kufuta kama wamepandwa na mashetani. Nilifanya hivyo. Mara ya kwanza nilianza na Lite, nikaweka Kolibri na Kiwix, halafu nikapata raha ya kufuta. Nikaona pakeji inaitwa fake-hwclock. Saa bandia? Nikaitoa. Nikarudi Nairobi nikijipigapiga kifua.

Wiki iliyofuata binamu yangu akapiga simu. Pi ilikuwa inawaka haraka sana, haigandi, Madam amefurahi, lakini mazoezi ya wanafunzi yalikuwa yanaandikwa tarehe ya miezi kadhaa nyuma. Na alipojaribu apdeti kwa hotspoti, apt ikakataa ikisema faili za Debian bado hazijafikia tarehe ya kuwa halali. Kumbe Pi hizi, mpaka ilipokuja Pi 5, hazina saa yake ndani. Stima ikienda, zinasahau wakati. Ile fake-hwclock huandika wakati wa mwisho kwa kadi, ili mashine ikiamka ianzie hapo badala ya kurudi zamani. Mahali penye intaneti ungeweza usigundue, saa ingejirekebisha yenyewe. Makueni hakuna intaneti. Nilifuta kitu kidogo kilichokuwa na kazi kubwa kuliko desktopu nzima, kwa sababu jina lake lilinichekesha.

Kwa hivyo siku hizi sifuti kabla ya kuuliza. Kila pakeji naiandikia mstari mmoja kwa daftari: inafanya nini hapa, kwa mashine hii, kwa watu hawa. Nikikosa mstari, naitoa kwa majaribio kwenye kadi ya pili, nazima stima kwa fujo kama mara kumi, nawasha tena. Vilevile initramfs, ule mfumo mdogo unaopakiwa kabla ya mfumo wenyewe. Kwa Debian kawaida imewekwa MODULES=most, yaani inabeba madereva ya vifaa vingi kwa tahadhari. Ukiandika dep inabeba ya kifaa kilichopo mbele yake tu, na inapungua vizuri. Lakini hiyo niliiacha. Pi ya Makueni ikifa na kadi ihamishiwe kwa mashine tofauti, nataka iwake. Hapo uzito una sababu, na sababu nimeiandika.

Kadi ya sasa inawaka na kuanza kutoa masomo kabla Madam hajamaliza kuita majina. Darasa zima linaingia bila kuganda. Apdeti inafanyika na bando dogo, na binamu yangu ameshawishi shule iwe inalirudishia.

Waliouza imeji ya kwanza niliwaandikia. Sitawataja, na jibu lao lilikuwa la heshima: wateja wao, maana yake wafadhili, hupenda kuona programu nyingi kwenye orodha siku ya kukabidhi. Angalau walisema ukweli. Mfadhili anahesabu majina, mwalimu anahesabu dakika, na anayelipwa anamsikiliza anayelipa. Basi ninyi wafadhili mnaosoma hapa, kabla ya kutia sahihi ombeni kitu kimoja: orodha ya pakeji zote zilizo kwenye imeji, na mbele ya kila moja sababu kwa Kiswahili cha kawaida ama Kiingereza, mtakavyopenda. Muuzaji akishindwa kueleza, itolewe. Na ombeni iwashwe mbele yenu, kwa kadi ileile na betri ileile itakayotumika shuleni, mkiwa mmeshika saa.

Orodha yangu ya Makueni iko wazi kwa yeyote anayeitaka. Bado kuna pakeji tatu ambazo sijazipatia mstari. Wakati wa likizo nitarudi huko na kadi ya majaribio, na Madam ameniahidi chai, kwa sharti kwamba safari hii nisiguse saa.